Msamaha Mmoja kwa Mwaka

Hapo zamani, wala si zamani ya fisi kusema na sungura kujibu, bali zamani ya juzi tu, barua ilipokaa njiani wiki mbili na redio ya betri ilipokuwa mali ya kujivunia, palikuwa na shule ya wasichana ya misheni juu kwenye miinuko ya Rungwe. Jina la shule nitaliacha. Hata wenyeji hawakulitumia. Wao waliiita Shule ya Kanuni Arobaini na Moja.

Kila Jumamosi asubuhi wasichana walisimama uwanjani, mikono nyuma, na Mwalimu Mkuu, Bi. Enesia, akafungua daftari lenye jalada jeusi. Alisoma kanuni ya kwanza, akanyamaza. Wasichana wakajibu, "Tumesikia, tutatii." Akasoma ya pili. "Tumesikia, tutatii." Akasoma ya tatu. "Tumesikia, tutatii." Mpaka ya arobaini na moja, jua limeshapanda na miguu imeshakufa ganzi.

Baadhi zilieleweka: usiibe, usitukane, usichelewe. Lakini nyingine hata mwenye kichwa chepesi namna gani asingezifumbua. Msichana hatapiga mluzi. Msichana hatatembea kinyumenyume. Msichana hatavaa kitu chekundu, hata utepe. Msichana hataimba wimbo usiomo kitabuni, hata wa kubembelezea mtoto. Msichana hatakula ndizi mbivu pasipo kuikata kwa kisu vipande visivyopungua vitano. Na hiyo ni Rungwe, ambako mtoto hujua kumenya ndizi kabla hajajua kutamka jina lake! Na ukiuliza kwa nini, uliambiwa kwamba kanuni ya thelathini na nane inakataza kuuliza kwa nini.

Ukivunja kanuni ndogo, ulipalilia shamba la shule. Ukivunja moja ya zile kumi za mwanzo, zilizoitwa kanuni nzito, ulifunga sanduku lako ukaenda zako na barua mkononi, na barua ile hakuna shule ya misheni iliyoisoma ikakufungulia mlango. Kati ya hizo nzito, shikeni nne. Moja: Jumapili, kuanzia saa saba mchana hadi saa tisa, ni Saa ya Ukimya, kila msichana atalala kitandani, uso ukutani, asiseme neno wala asiinuke. Mbili: msichana hatavuka ua wa shule. Tatu: msichana hatavaa vazi la kiume. Nne: msichana hatasema na mwanamume asiye mwalimu wala mchungaji.

Na ile ya arobaini na moja, ya mwisho kabisa, ilisema hivi: kila mwaka Mwalimu Mkuu aweza kumsamehe mvunja kanuni nzito mmoja. Mmoja, wala si wawili. Mmisionari aliyezitunga kanuni hizo alishazikwa miaka mingi nyuma, kwa hiyo hapakuwa na wa kumwuliza alikuwa na maana gani.

Sasa, katika shule hiyo alikuwamo msichana aitwaye Tusekile. Mama yake alikuwa mchuma chai, mwenye vidole vilivyokuwa vyeusi kwa utomvu hata siku ya arusi za watu. Tusekile alikuwa mtu wa kukata shauri. Alipoingia kidato cha kwanza hakujua Kiswahili sawasawa, na lugha ya nyumbani ilikatazwa. Basi akafunga mdomo. Mwezi mmoja, kimya. Miezi miwili, kimya. Walimu wakadhani ni bubu. Mwezi wa tatu akafungua mdomo, na Kiswahili kikatoka kimenyooka kama mstari wa rula. Mtu wa namna hiyo. Sasa alikuwa kidato cha nne, mtihani wa taifa umebaki wiki tano, na mama yake alikuwa amemwambia neno moja tu mlangoni, "Mwanangu, maliza." Naye alikuwa amekusudia kumaliza.

Lakini alikuwa na kosa lake moja, la siri. Kitanda chake kilikuwa kando ya dirisha, na Saa ya Ukimya ilipofika, badala ya kuelekea ukutani, aligeuza shingo kidogo akatazama nje. Hakutafuta kitu. Alitazama migomba, basi, maana ilifanana na migomba ya kwao.

Ikawa Jumapili moja. Mvua ya Rungwe haina likizo, ilikuwa imenyesha usiku kucha na ardhi ilikuwa laini kama uji. Walimu na matroni walikuwa wameteremka kanisani bondeni kwenye kikao chao. Mlinzi alikuwa kwenye lango la mbali, upande wa barabara. Wasichana arobaini na wawili wamelala bwenini, nyuso ukutani, kimya.

Tusekile akatazama dirishani. Akamwona mtoto wa kidato cha kwanza, Tumpe, miaka kumi na mitatu, anapita katikati ya migomba. Anatembea upesiupesi, ameshika nguo kifuani na kindoo mkononi. Anakwenda kwenye kisima cha zamani, kile kilichoachwa na kufunikwa mbao tangu mabomba yalipokuja. Tusekile akajiuliza, "Huyu naye, ana wazimu? Saa hii?" Akamwona anasogeza ubao mmoja. Akamwona anainama.

Kisha hakumwona.

Mbao zilikuwa zimeoza. Hakuna aliyesikia kelele. Kulikuwa na kishindo kidogo tu, kama gunia la viazi limeangushwa.

Tusekile alikaa kitandani. Moyo ulimwambia, "Sema." Na moyo huohuo ukamwambia, "Wiki tano, Tusekile. Wiki tano." Akasimama. Akapaza sauti katikati ya ukimya ule.

"Mtoto kaanguka kisimani!"

Hakuna aliyeinuka. Kiranja wa bweni aligeuka, akamtolea macho, akaweka kidole mdomoni.

"Nasema mtoto kaanguka kisimani!"

Vichwa viwili vitatu viligeuka, vikarudi ukutani. Msichana mmoja alianza kulia, lakini alilia bila sauti, maana hata kilio kilikuwa na kanuni yake.

Tusekile akapiga chuma cha kitanda kwa kiatu. "Tumpe anakufa, nanyi mnatazama chokaa ya ukuta! Nani anakuja nami?"

Ndipo wawili wakainuka. Wa kwanza alikuwa Ikupa, msichana wa Kyela, mzaliwa wa ufukoni mwa Ziwa Nyasa, mpana wa mabega, yatima aliyelelewa na bibi yake. Huyo ndiye aliyepewa msamaha wa mwaka uliopita, kwa kosa la kusema na mwuza samaki, na kosa lile likabaki katika daftari jeusi kama onyo zito. Wa pili alikuwa Subilaga, mwembamba, mwenye mbio kuliko wote shuleni. Baba yake, Mchungaji Mwaipaja, ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa bodi ya shule.

Kiranja akatanda mlangoni, mikono miwili kwenye miimo. Ikupa alimnyanyua kama mtoto, akamweka kando, wakatoka.

Walipofika kisimani, Tusekile alilala kifudifudi akachungulia. Chini kabisa aliona mkono mdogo umeshika jiwe la ukutani, na uso unaozama na kuibuka.

"Dada!" sauti ilitoka chini. "Dada, naachia!"

"Usiachie!" Tusekile akajibu. "Ukiachia nitakuchapa mwenyewe!"

Maji yalikuwa marefu kupita kimo cha mtu. Kuta zilikuwa za utelezi, na kila walipogusa ukingo udongo uliporomoka. Ikupa akatazama sketi yake, ile sketi ya shule iliyobana hadi vifundoni. "Nikiingia na hii, nazama kabla yake," alisema. Akakimbilia banda la zana. Pale ilining'inia suruali ya mtunza bustani, na kamba ya kufungia ng'ombe. Akavaa suruali. Akajifunga kamba kifuani. Ncha ya pili akampa Tusekile, ambaye aliizungusha kwenye shina la mparachichi, akaketi, akakaza miguu kwenye mzizi.

"Utaweza kunishika?" Ikupa aliuliza.

"Nitaweza."

"Wawili?"

"Shuka, Ikupa."

Akashuka. Wakasikia maji yanapigwa, kisha sauti yake, "Nimempata! Bega lake limevunjika. Hawezi kupanda, wala mimi siwezi kupanda naye. Leteni watu!"

Subilaga akatazama upande wa lango. Kumfikia mlinzi ni kuzunguka uwanja mzima, na mlinzi ni mzee mmoja mwenye mgongo mbovu. Akatazama upande wa pili. Nyuma ya migomba kulikuwa na ua wa michongoma, na ng'ambo ya ua nyumba za vibarua wa chai, ambako Jumapili wanaume walicheza bao. Baba yake mwenyewe ndiye aliyeusimamia ua ule ulipopandwa. Hakungoja kufikiri mara ya pili. Alifunika uso kwa mikono, akaupasua ua kama ng'ombe aliyekimbizwa na nyuki, akatokea upande wa pili damu zinamtoka mikononi.

Wanaume walimwona msichana wa misheni, sare imechanika, anakimbia moja kwa moja kwao. Wakasimama. Walijua kanuni, mtu mmoja alikuwa amefukuzwa kazi kwa kuwasalimia tu wasichana hao barabarani. Mmoja akasema, "Rudi, mwanangu, utatuponza."

Subilaga akawajibu kwa lugha ya nyumbani, lugha iliyokatazwa, ili wasije wakasingizia hawakuelewa. "Baba zangu, kuna watoto wawili kisimani. Kama mnaogopa, nipeni ngazi niibebe mwenyewe."

Wakaja wanne, na ngazi, na kamba ya maana.

Kwenda, kutafuta ngazi na kurudi, ilipita kama saa nzima kasoro robo. Muda wote huo Ikupa alikuwa ndani ya maji ya baridi ya mlimani, Tumpe juu ya mabega yake. Muda wote huo Tusekile alishika kamba. Kamba ya ng'ombe ni ya katani, haina urafiki. Ilimla ngozi ya viganja, ikamla nyama. Alianza kuhesabu kanuni moja moja kwa sauti ili asizimie, na alipofika ya arobaini na moja alianza tena ya kwanza. Hakuachia.

Wote walitoka wazima. Tumpe alipelekwa zahanati. Bi. Enesia alipopanda kutoka kanisani na kuona, alivua shali yake mwenyewe, akamfunika mtoto, akalia mbele ya watu, jambo ambalo halijaonekana tangu shule ianze.

Ndiyo. Lakini kesho yake, Jumatatu, bodi iliketi.

Wasichana watatu waliitwa ofisini. Waliandaliwa chai ya maziwa na maandazi. Bi. Enesia alisimama akawashukuru kwa jina la Mungu, mmoja mmoja, akawashika mikono. Kisha, kwa mikono ileile, akafungua daftari jeusi.

"Subilaga," alisoma. "Kuinuka katika Saa ya Ukimya. Kuvuka ua. Kusema na wanaume. Ikupa. Kuinuka katika Saa ya Ukimya. Kuvaa vazi la kiume, na onyo la mwaka jana lingalipo. Tusekile. Kutotazama ukuta, kusema na kuinuka katika Saa ya Ukimya." Akavua miwani. "Mimi nami ni mama. Lakini kanuni haiulizi kwa nini ulivunja. Inauliza kama ulivunja. Wako wasichana mia mbili nje wanasubiri kuona kama daftari hili lina maana. Msamaha ni mmoja. Kila mmoja aseme lake."

Tusekile alitegemea Subilaga alie. Hakulia. Alimtazama baba yake, Mchungaji, aliyekuwa ameketi kwenye kiti cha mwenyekiti akitazama meza.

"Mimi nastahili," Subilaga alisema. "Bila miguu yangu mngezika watu wawili. Mtu kumshika mtu majini ni jambo zuri, lakini atamshika hata lini? Na kuna jambo jingine. Kila msichana hapa ana mtu wa kuja kupiga magoti kwa ajili yake. Mimi wa kwangu ameketi upande wa daftari. Akinitetea mtasema upendeleo. Baba, hata kunitazama huwezi. Basi najitetea mwenyewe."

Mchungaji Mwaipaja alifumba macho. Mzee mmoja wa kanisa, Mzee Ambokile, akauliza taratibu, "Lakini binti, mlinzi alikuwapo langoni. Kwa nini hukumwendea? Ungebaki na kosa moja tu."

"Ningebaki na kosa moja na maiti mbili, Mzee."

Ikupa akasogea mbele. Huyo hakujua kusema kwa kuzunguka.

"Mimi nastahili. Kuona ni kazi ya macho. Kukimbia ni kazi ya miguu. Mimi niliweka roho. Wenzangu walihatarisha shule, wakikosa shule watarudi kwa wazazi. Mimi nilihatarisha pumzi. Nilijua kisima kile hakina ngazi, nikashuka. Nikifukuzwa, narudi kwa bibi asiyeona vizuri, kupara samaki mpaka nizeeke. Sioni haya kuomba. Naomba."

"Ulishaonywa, Ikupa," Mzee Ambokile alisema. "Mwenye onyo na asiye na onyo, tuwapime kwa pishi moja?"

"Maji yalikuwa mamoja, Mzee. Hayakuuliza nani ana onyo."

Ikawa zamu ya Tusekile. Viganja vyake vilikuwa vimefungwa bandeji kama mikate. Alikuwa amekusudia kusema kwa unyenyekevu, lakini maneno yalikuja yamenyooka.

"Mimi nastahili. Ikupa alikuwa anatazama ukuta. Subilaga alikuwa anatazama ukuta. Wasichana arobaini na mmoja walitazama ukuta. Kama nami ningetii, leo mngekuwa mnatafuta mtoto hamjui alikokwenda. Wenzangu walinifuata mimi. Mimi sikuwa na wa kumfuata. Na kamba ilipokuwa inanikata, ningeachia, mikono yangu ingepona, na Ikupa asingekuwapo hapa kuomba. Sikuachia. Nataka kufanya mtihani wangu."

Mzee Ambokile akatikisa kichwa. "Hapo pana tatizo, mwanangu. Wenzako walivunja kanuni kwa sababu. Wewe ulikuwa umeshavunja kabla ya sababu kuwapo. Ulitazama dirishani mtoto akiwa bado mzima. Kama asingeanguka, ungekuwa mkosaji tu."

Tusekile akasema, "Ni kweli. Nilivunja bila sababu. Na ndiyo maana yuko hai."

Wazee wakaanza kubishana. Huyu alisema mwenye miguu, yule akasema mwenye roho, mwingine akasema mwenye macho. Chai ikapoa. Na katikati ya mabishano hayo mlango ukasukumwa, akaingia Tumpe, mkono umefungwa shingoni kwa kitambaa, shali ya Bi. Enesia ingali mabegani. Alikuwa ametoka zahanati kwa miguu yake.

"Shikamooni," alisema. "Na mimi?"

"Na wewe nini, mtoto?" Bi. Enesia aliuliza.

"Na mimi niliinuka katika Saa ya Ukimya."

Katika vilio na shukrani, hakuna aliyekuwa amelifikiria hilo. Mzee Ambokile akavuta daftari, akasoma, akalirudisha polepole. Ilikuwa hivyo. Aliyeokolewa naye alikuwa mkosaji wa kanuni nzito.

"Ulikwenda kufanya nini kisimani?" Bi. Enesia aliuliza, na sauti yake sasa ilikuwa ndogo.

Tumpe akatazama wanaume waliokuwa mezani, akatazama chini. "Niliamka nikaona damu, Mwalimu. Ni mara yangu ya kwanza. Shuka lilikuwa limeharibika. Nilitaka kumwuliza mtu nifanyeje, lakini ilikuwa Saa ya Ukimya. Bomba hufungwa Jumapili. Ningemwuliza nani?"

Mchungaji Mwaipaja akainuka akaenda dirishani, akawapa mgongo. Bi. Enesia akafunika uso. Alipoufunua, alichukua karatasi moja yenye mhuri wa shule, nyeupe, haina jina, akaiweka mbele ya wasichana.

"Hukumu hii imetushinda," alisema. "Sheria siwezi kuivunja, na kuchagua siwezi. Mlivunja pamoja, chagueni pamoja. Ikipigwa kengele ya saa kumi niletewe karatasi hii ikiwa na jina moja. Yakiwa mawili, ni batili. Isipokuwa na jina, msamaha utalala hadi mwakani, nanyi wote wanne mtaondoka."

Wakaenda kwenye darasa la kidato cha nne, wakafunga mlango.

Subilaga alisema kwanza. "Tuirudishe tupu. Wapate aibu."

"Aibu yao hainipi cheti," Ikupa alijibu. "Mmoja akibaki ni bora kuliko asibaki hata mmoja. Na nimesema, niandikeni mimi."

"Na mimi nimesema niandikwe mimi," Subilaga alisema. "Sitadanganya sasa kwamba sitaki."

"Basi tumwandike mtoto," Ikupa alisema tena, kwa hasira, kama mtu anayelazimishwa na mdomo wake mwenyewe. "Tulimtoa kwenye shimo ili tumtupe barabarani? Nilimbeba mabegani kwa ajili gani?"

"Lakini yeye ndiye aliyeanza," Subilaga alisema, kisha akaona haya. "Samahani, Tumpe. Sisi tumebakiza wiki tano. Wewe ndio kwanza umeingia. Sisi tumekaa miaka minne."

Tumpe alikuwa ameketi kwenye dawati la nyuma. "Dada zangu," alisema, "nikibaki mimi, kila siku nitalala bwenini nikiona vitanda vyenu vitatu vitupu. Na nikiondoka, barua ile itasema nilifukuzwa, haitasema kwa nini. Nina miaka kumi na mitatu. Sijui niombe lipi."

Waligeuza neno hili, wakaligeuza tena. Kila aliyedai, dai lake lilikuwa na mizizi. Kila aliyepingwa, pingamizi lilikuwa na meno. Kwa mbali walisikia mpishi akigonga sufuria. Saa kumi ilikuwa inakaribia.

Subilaga akasukuma karatasi mbele ya Tusekile. "Wewe ndiye uliyesema jana sisi sote tuliponyamaza. Sema na leo. Utakaloandika, mimi nitalikubali."

Ikupa akavuta pumzi. "Uliniambia utatushika wawili, ukatushika wawili. Andika."

Tumpe akaitikia kwa kichwa.

Tusekile akachukua kalamu. Akamfikiria mama yake na neno lile moja, maliza. Akafikiria maji. Akafikiria ua wa michongoma na uso wa mchungaji uliokuwa ukitazama meza. Akafikiria mtoto anayeamka mchana katika chumba cha watu arobaini na wawili asipate hata mmoja wa kumwuliza. Alijua kwamba akiandika jina lake mwenyewe hatakuwa ameiba, maana alistahili. Alijua pia kwamba akiandika la mwingine hatakuwa amefanya sadaka, maana huyo naye alistahili. Hilo ndilo lililokuwa gumu. Kama mmoja angekuwa mwongo, kazi ingekuwa nyepesi.

Bandeji zilimzuia kukunja vidole, akaishika kalamu kwa ngumi kama mtoto wa darasa la kwanza. Akaandika. Jina moja. Herufi zilikuwa kubwa na zilizopinda, lakini zilisomeka. Hakukata, hakufuta. Kengele ilipolia alikuwa tayari mlangoni, na wenzake watatu wakamfuata nyuma.

Bi. Enesia alipokea karatasi, akasoma, akamtazama usoni.

"Una hakika?"

"Nina hakika, Mwalimu."

"Hukuandika kwa huruma?"

"Hapana."

"Wala kwa hofu?"

"Wala kwa hofu. Nimeandika kwa haki."

Bi. Enesia akatia sahihi. Kesho yake asubuhi masanduku matatu yalishushwa mlimani, na la nne likabaki chini ya kitanda cha mwenyewe. Kisima kilizibwa kwa zege kabla wiki haijaisha.

Sasa mtaniuliza, jina gani? Hapo ndipo penye kazi. Ukiisikia hadithi hii Kyela, ufukoni, watu watakuapia kwamba aliandikwa Ikupa, maana mtu hana kitu cha kutoa kinachopita roho yake. Ukiisikia kwa wachuma chai, watakwambia aliyebaki ni Tusekile, kwa sababu asingefungua mdomo hakuna ambaye angefungua. Wakristo wa bondeni, waliomjua mchungaji, watasema ni Subilaga, aliyeupasua ua wa baba yake mwenyewe bila mtu wa kumtetea. Na akina mama wenye mabinti waliovunja ungo juzi hawataki kusikia jina jingine ila la Tumpe.

Mimi nimewapa yote, sikuficha dai wala dosari. Kuna aliyeona, na alikuwa amevunja kabla ya sababu. Kuna aliyekimbia, na alivunja zaidi ya wote. Kuna aliyeshuka, na alikuwa na onyo. Kuna aliyeanguka, na hakuwa na wa kumwuliza. Karatasi ni moja, kengele iko karibu kulia, na kalamu sasa iko mkononi mwako wewe unayenisikiliza.

Je, nani alistahili?